Marumaru za Bei Chee

Mdogo wangu Augustine alileta sinki la choo uani kwetu, akalitua karibu na pale ninapokaangia maandazi, akaniambia hicho ni chungu cha maua. Nilimwangalia yeye, nikaliangalia sinki. Lilikuwa la kukaa, limepasuka mgongoni, na ndani lina mstari wa njano unaozunguka pale maji yalipokuwa yakisimama. Mate yakanijaa mdomoni. Nikatema pembeni, nikarudi jikoni, na mchana ule sikula.

Mie nina kinyaa, na kinyaa changu si cha kuiga. Nimekirithi kwa mama. Mama yetu Monica, Mungu amrehemu, alikuwaga hanywi kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine, hata awe mumewe. Tulipokuwa watoto alitununulia kila mmoja sahani yake ya bati. Mie Filomena yangu ina waridi jekundu, Augustine yake ina jogoo, na ole wako ukutwe unakula kwenye ya mwenzio. Yeye mwenyewe alikuwa na sahani ya udongo yenye maua ya bluu. Hiyo hata kuiosha haruhusu mtu, aliiosha kwa mikono yake akaifunika na kitambaa chake. Sie tumekua, bati limebanduka rangi pembezoni, na mpaka leo kwenye kabati la nyumba yetu hii ya Mwananyamala kila mtu anachukua sahani yake. Mtaani wanatucheka. Na wacheke, asubuhi ni hao hao wanapanga foleni kwenye maandazi yangu, maana wanaujua mkono unaokanda ule unga.

Mama alitutoka mwaka jana. Baba yetu, Mzee Fransis, alikuwa bado anajikongoja wakati huo. Alichonga vinyago pale Mwenge maisha yake yote, mpaka macho yakaingia ukungu na miguu ikaanza kumgomea. Kaburi la mama lilipojengewa na kuwekwa marumaru nyeupe, baba alikwenda mwenyewe, kwapani kabeba ile sahani ya maua ya bluu. Kwa wazee wetu, huko Newala, sahani ya marehemu hailiwi tena. Inatobolewa ili aliye hai asiitamani, inaachwa kwa mwenyewe. Baba aliitoboa kwa keekee yake ya kazi, taratibu isipasuke, akaizamisha kichwani pa kaburi saruji ikiwa mbichi. Akasema sasa mama yenu anakula kwake. Baada ya hapo miguu ikagoma kumfikisha mbali na hakurudi tena makaburini.

Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, akatuita mie na Augustine. Akasema kabla hajamfuata mkewe anataka mambo mawili tu. La kwanza, siku hiyo apelekwe kaburini hata kwa kubebwa, akajue mkewe kakaa vizuri. La pili, watu wakirudi nyumbani wakae pakavu, pale pale uani mama alipopikia miaka yote. Siku ya msiba waombolezaji walikaa kwenye tope, maji ya karo yanapita katikati yao, na shangazi Demetria aliteleza mbele za watu akaanguka na kanga yake nyeupe. Baba aibu ile haijamtoka. Alisema hataki kufa nayo, na mie nikaapa moyoni kwamba hatakufa nayo.

Augustine akadandia kazi. Mie nikaingiwa na wasiwasi hapo hapo, kwa sababu namjua. Mdogo wangu ni dalali wa vyumba, ana miaka arobaini na ushee, hana mke, na hajawahi kununua kitu dukani maadamu kipo cha mtu aliyekichoka. Alikuwa ameona kwenye simu yake watu wa sijui wapi wanageuza takataka kuwa bustani. Akasema hela ya kujenga hatuna, ila vitu vimejaa mjini, ni jicho tu. Jicho lake nikaliona.

Kwanza yakaja matairi. Yalilala nje, mvua ikanyesha, asubuhi nachungulia naona viluwiluwi vinacheza humo. Ukiyainamisha yanatoka maji meusi, mazito, yananuka panya aliyeoza. Akayapaka rangi ya njano, akayapandanisha, eti meza. Zikaja paleti, zimebeba nini huko zilikotoka sijui, mende wakashuka humo wakaingia jikoni kwangu kama wamealikwa. Zikaja chupa za bia za kuzikwa shingo chini ziwe ukingo wa bustani, kila moja na mabaki yake na kipisi cha sigara kilicholowa. Nilizisuuza mie, kwa maji ya moto, uso nimeugeuzia ukutani. Halafu ndiyo likaja sinki.

Kwa sinki tuligombana hasa. Nilimwambia mama angekuwepo angetapika mpaka nyongo. Augustine akanijibu kwamba kalitoa kwenye nyumba inayobomolewa Kipawa, mwenye nyumba kampa kwa mkono wake mchana kweupe, na kalisugua na dawa mpaka ngozi ya vidole imemtoka. Akasema mie ningezaliwa ndani ya chupa ya dawa ya choo ndiyo ningeridhika. Akalijaza udongo, akapanda mshubiri. Baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku ukutani, akauliza tunagombania nini. Nilipomweleza akacheka, akacheka tena, mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mama. Nikanyamaza kwa ajili ya kicheko kile, ila karai langu la maandazi nililihamishia upande wa pili.

Marumaru ndizo zilizonipatanisha naye. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zilijitembeza mpaka mlangoni, juu ya guta la matairi matatu, kwenye viroba. Aliyezileta ni Gaudens, mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana mwenye meno mazuri na maneno mengi. Nilikwenda kuvifungua viroba pua nimeiziba na upande wa kanga. Nikafungua kimoja, nikafungua cha pili, nikaiachia kanga. Zilikuwa nyeupe jamani. Zimevunjika, nyingine zina saruji mgongoni, lakini safi, hazina mende, hazina mkojo, hazinuki kitu. Nilimwambia Augustine kwamba leo ndiyo umeleta kitu cha binadamu. Yeye akaangalia pembeni, akasema bei ilikuwa chee.

Alimwaga zege, akapanga vile vipande kimoja kimoja kwa mikono yake, siku nzima kapiga magoti. Katikati ya ua akatengeneza ua la bluu kwa vipande alivyovikuta chini ya kiroba kimoja. Alisema hilo la mama. Katikati ya lile ua la bluu palikuwa na kijishimo cha duara, akakiacha vile vile, akidai kinapendeza.

Nisiwadanganye, niliipenda ile sakafu. Kila jioni niliimwagia maji ya sabuni. Kile kijishimo kilikuwa kinakusanya uchafu, kwa hiyo nilitenga mswaki mkuukuu wa kukisugulia. Nilikaa pale nikaparua samaki, magamba yakaruka kila upande, nikavuta utumbo nikauweka pembeni, kisha nikamwaga maji pakang'aa tena. Watu walitoka chooni na ndala zao zimelowa, wakapita pale pale juu ya lile ua. Kuku wa jirani waliacha uchafu wao, nikazoa. Na baba kila asubuhi alikuwa anavua viatu, anaweka nyayo zake juu ya marumaru, anasema zina ubaridi mzuri.

Kumbukumbu ikiwa imebaki siku mbili, nikaenda makaburini kufagia, ili baba atakapofika akute pasafi. Nilibeba ufagio, dumu la maji na mshumaa.

Kaburi la mama nililipita. Nililipita kwa sababu sikulijua. Nilirudi nikahesabu kutoka kwenye mwembe, nikasoma jina kwenye msalaba, ni lenyewe. Lilikuwa limenyonyolewa kama kuku. Hakuna marumaru hata moja, limebaki saruji yenye makovu ya tindo. Kichwani, pale baba alipoizamisha sahani, pamebaki tundu pana la duara, ndani yake maji ya mvua na kipande cha mfuko wa nailoni. Na pembeni ya msalaba, nisameheni, mtu alikuwa amejisaidia. Kilikuwa kimekauka, nzi wamekwisha kukichoka. Yule yule aliyefanya kazi ya kumvua mama nguo alishikwa na haja, akachuchumaa hapo hapo, akamaliza, akaendelea.

Nilitapika kwenye majani. Kisha nikavunja kijiti, nikachimba, nikafukia, nikamwaga maji yote ya dumu. Mzee mmoja anayechimba makaburi alikuja akasimama, akanipa pole, akanionyesha kwa kidole makaburi mengine matupu kama la mama. Akasema wanang'oa, wanajaza viroba, wanauza.

Nilikaa juu ya ukingo wa kaburi la watu nikawaza kuhusu baba. Kesho kutwa atabebwa mpaka hapa. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mikono yake inaona, na jambo la kwanza atakalofanya ni kupapasa pale kichwani aitafute sahani. Lazima pafunikwe. Nikapanga kwamba nikifika nyumbani nimwambie Augustine ampigie Gaudens, alete haraka viroba vingine viwili vya marumaru nyeupe.

Hapo wazo likakatika. Gaudens. Viroba. Marumaru nyeupe, na saruji mgongoni.

Sikumbuki vizuri nilivyofika nyumbani. Baba alikuwa kapitiwa na usingizi chumbani kwake. Nilichukua kisu cha jikoni nikapiga magoti katikati ya ua, nikaanza kuchokonoa lile ua la bluu. Kipande cha katikati kilikuwa kigumu, nikakichimba pembeni mpaka kikaachia. Nilikiosha, nikakigeuza, nikakifuta na kanga. Udongo mweupe, jani moja la bluu, na tobo moja la duara, safi, halina hata ufa. Hakuna kiwanda kinachotoboa sahani katikati.

Mswaki wangu ulikuwa umeegemea ukutani. Nikaukumbuka utumbo wa samaki. Nikazikumbuka ndala za chooni. Mama ambaye alikuwa hagusi kikombe cha mumewe, mie mwanawe wa kumzaa nimeparulia samaki kwenye sahani yake, na nyumba nzima imemkanyagia uso wa sahani na miguu ya chooni. Mwili wote uliniwasha, nikatamani nijivue ngozi niifue.

Augustine akaingia na viti vya kukodi, anapiga mluzi. Nikamuuliza zile marumaru Gaudens alizitoa wapi. Akasema ni mabaki ya saiti, kwa mafundi. Nikamfungulia kiganja. Aliangalia kile kipande, akaangalia tobo, mluzi ukafa. Viti vikamtoka mikononi. Akachuchumaa mbele yangu.

"Nilijua ni za makaburini, dada," akasema. "Ila sikujua ni la kwetu."

Nimekaa mjini hapa nimeona vinyaa vyote. Nimeona karo likifumuka siku ya sikukuu, nimeona funza kwenye nyama niliyokwisha kuilipia. Hakuna kilichowahi kunigeuza tumbo kama maneno yale. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

"Ulidhani ni la nani?" nikamuuliza.

"La mtu tu."

"Mtu tu."

Akaanza kujieleza. Gaudens alimwambia wazi, tena kwa kicheko, kwamba wenyewe hawawezi kuja kudai. Akasema watu wanaweka mpaka bafuni, sie ni nani tujifanye watakatifu. Akasema zilikuwa safi, hata mie nilizisifu, na baba alihitaji pakavu, na hela haikuwepo. Alisema yote aliyafanya kwa ajili ya mama. Nilikuwa namwangalia mdomo unavyofunguka na kufumba, naona ulimi, naona meno, nikahisi kichefuchefu kile kile cha makaburini. Mtu huyu nimembeba mgongoni. Nimempangusa kamasi kwa mkono wangu mtupu na sikuona kinyaa.

Kisha akaniomba baba asijue. Alikuwa amekwisha kupanga, kama dalali alivyo. Ile sahani tutaigundisha tuirudishe kimya kimya, kaburi atalifunika kwa marumaru za dukani, risiti atanionyesha, na hii sakafu ibaki, maana wageni wanaingia kesho kutwa na tope lipo chini tu linangoja. Mzee haoni, atajuaje. Nikamwambia hizi nyingine je. Akasema hizo si za kwetu.

"Filo," baba akaita kutoka mlangoni. "Unachokonoa nini?"

Alikuwa amesimama, kashikilia fremu ya mlango, miguu mitupu. Sijui alisikia kiasi gani. Augustine alinitazama kwa macho ya kuomba. Ningeweza kusema ni uchafu tu baba, na baba angeamini, maana anajua nilivyo. Nilimsogeza mpaka kwenye kiti chake. Akaweka nyayo zake juu ya marumaru kama kila siku, akanyoosha mkono, akasema lete. Nikampa.

Alikigeuza kile kipande mara kadhaa. Akapapasa jani la bluu, akapapasa ukingo, kisha kidole chake kikaingia kwenye tobo kikatulia humo.

"Hii keekee yangu," akasema.

Nikamweleza yote, kuanzia kaburi mpaka kiroba, ila choo cha yule mwizi nilikiruka. Augustine alikuwa kainamisha kichwa. Nilipomaliza, baba akainyanyua miguu yake miwili, ile iliyokuwa haitaki kunyanyuka, akaishikilia hewani inatetemeka, anatafuta pa kuikanyagia. Hakupaona, marumaru zilikuwa kila mahali. Mzee wa watu kakaa namna hiyo, miguu juu, mpaka nilipomvutia paleti chini yake. Ile ile paleti ya mende.

"Na hizi nyingine ni za nani?" akauliza.

Akauliza tena, safari hii kamgeukia Augustine. Augustine akasema hajui baba, ni za watu. Baba akasema basi zing'olewe zote na zirudi kwa watu. Augustine akasema hatuwezi kujua ipi ya kaburi lipi, zote nyeupe. Akasema pia wageni watakaa kwenye tope, na shangazi Demetria yuko njiani. Baba akamwambia tope analijua.

Tuling'oa. Mie na kisu, yeye na tindo. Alikuwa kazipanga siku nzima kwa magoti, akazing'oa kwa magoti yale yale, na sikumhurumia. Kila kipande nilikiosha kabla ya kukitia kwenye kiroba, na sikutumia ule mswaki, niliutupa. Vipande vya bluu nilivifunga kwenye kitambaa cha mama. Havikutosha sahani nzima, robo hivi ilikuwa imepotea huko njiani. Siku iliyofuata Augustine akakodi guta akarudisha viroba makaburini. Yule mzee mchimbaji aliniambia baadaye kwamba alishinda juani anazunguka, anajaribu kipande hapa, anajaribu pale, kama mtoto anayetafuta kiatu chake. Hakuna kilichokaa. Mwishowe alivirundika vyote karibu na kaburi la mama, akaketi.

Wakati yuko huko, baba aliniagiza vitu viwili, keekee yake na sahani ya Augustine. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, ile ya jogoo, iko kabatini. Nikamletea, nikamshikia, yeye akazungusha. Bati halipasuki, linalia tu. Tobo lilitoka kifuani pa jogoo. Baba akaifunga kwenye kanga moja ya mama akaenda kulala nayo.

Siku ya kumbukumbu, baada ya misa, Augustine alimbeba baba mgongoni kutoka barabarani mpaka kaburini. Shangazi Demetria alikuwa kafika, na watu wa jumuiya, na majirani. Wote waliliona kaburi lilivyo. Baba alishushwa kwenye kiti, akaomba asogezwe kichwani. Akanyoosha mkono kwenye lile tundu, nilikuwa nimelikausha, akavipanga vile vipande vya bluu chini, kimoja kimoja. Halafu akaifungua kanga.

Augustine aliijua sahani yake kabla haijatoka yote. Baba akamkabidhi, akamwambia aiweke. Augustine alibaki kaishikilia, anachungulia kupitia lile tobo kama haamini kwamba linapita upande wa pili.

Shangazi Demetria akajisogeza akamwinamia baba sikioni, ila sauti yake haijawahi kuwa ndogo. "Kaka, mwenye sahani hiyo yu hai."

"Najua," baba akasema.

Augustine akapiga magoti akaiweka. Fundi alikuwepo na saruji yake kwenye karai, akaizungushia. Padre akaombea marehemu Monica. Baba akaomba padre aombee na wengine wote ambao vipande vyao viko pale kwenye rundo, na padre akawaombea bila majina. Mshumaa ulikataa kuwaka kwa upepo, nikauacha hivyo hivyo.

Nyumbani watu walikaa kwenye tope. Maji ya karo yalipita katikati yao, kama siku ya msiba. Shangazi alivua viatu akakunja kanga yake mpaka magotini, akakaa kwenye paleti, mgongo kauegemeza kwenye matairi ya njano. Lile sinki lilikuwa pembeni yake na mshubiri wake umeshika vizuri. Baba alikuwa na miguu kwenye tope mpaka kwenye vifundo, na hakulalamika. Mie nilisimama na upawa kwenye sufuria la pilau, napakua. Nilipolitazama lile sinki, kwa mara ya kwanza sikuona kinyaa, maana mwenye nalo alilitoa kwa mkono wake mchana kweupe.

Foleni ikasogea. Wageni walikuwa na sahani za kukodi, sie wa nyumbani kila mtu na yake. Augustine alipofikiwa na zamu, alikwenda kabatini kwa mazoea, akafungua, mkono ukaenda pale pale unapoendaga siku zote. Akakaa hapo kidogo. Sahani za kukodi zilikuwepo, zimepangwa mezani, ila hakuchukua. Alirudi kwenye foleni mikono mitupu, akasimama mbele yangu, akakinga viganja.

Niliviangalia. Saruji ilikuwa imeingia kwenye kucha, na kwenye mistari ya viganja imekaa nyeupe. Nilimwambia akanawe. Akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni, akarudi akakinga. Nilimwambia akanawe tena. Watu walikuwa wanatuangalia, shangazi Demetria alikuwa kaacha kutafuna. Akaenda, akanawa mpaka kwenye viwiko, akarudi. Hapo nikampakulia, kwenye sahani ya kukodi, na nilihakikisha vidole vyake havigusi vyangu.

Bado tunakaa nyumba moja. Ananisalimia, namjibu, maandazi ananunua kama mteja. Na kila akisogelea sufuria yangu namwambia akanawe, akirudi namwambia akanawe tena, anakwenda, na hajawahi kuniuliza kwa nini.